KIDOLE KIDOGO! Yule fundi wa stage amenivunjia heshima na leo sinyamazi

Wadau, naandika mikono ikinuka mafuta ya breki na sijala tangu asubuhi. Mnamjua. Simtaji jina, lakini kama umewahi kupita Nakuru na kitu chenye magurudumu mawili, hata kiwe cha mtoto, unamjua. Ovaroli haina kifungo hata kimoja, redio imeshikwa na kipande cha tyubu, na kutwa amekalia kreti ya soda akihukumu dunia.

Leo amebonyeza klachi yangu kwa KIDOLE KIDOGO. Mbele ya watu.

Niko na Honda VFR800 ya 1999. Klachi yake si ya kebo kama ya nduthi zenu, ni ya mafuta: silinda moja juu kwenye usukani, nyingine chini ubavu wa kushoto wa injini, pale mnyororo unapotemea grisi na matope yote ya kaunti. Rabha za ndani zilikuwa zimezeeka. Asubuhi napampu mara kumi ndipo gia ikubali kuingia, na kule chini inalia machozi kama mjane. Nikaagiza sili mpya za juu na za chini, nikangoja wiki 3, na Jumamosi nzima nikakaa veranda kama daktari wa upasuaji.

Mke wangu ni shahidi. Ile pete ya chuma inayozuia pistoni imejificha ndani ya shimo, plaisi ya kawaida haifiki, nikainoa ncha kwa tupa mpaka ikawa nyembamba kama kucha ya paka. Pistoni ya chini ilikuwa imeganda. Nikaisukuma kwa pampu ya baiskeli, ikaruka pwaa, ikapita karibu na sikio langu na kutua kwa sufuria ya githeri. Githeri ilimwagwa, tusiongee hayo. Kuna kitundu chini ya kikopo cha mafuta pale juu, kidogo hivi hata mwewe hakioni. Hicho kikiziba, mafuta hayarudi na klachi inateleza. Nikakizibua kwa uzi mmoja niliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Rabha nikazilainisha kwa DOT 4, mafuta yale yale ya klachi, mdomo ukitazama mbele mafuta yanakosukumwa. Petroli haikuzigusa. Oili ya injini haikuzigusa. Mimi, mwalimu wa Jiografia!

Sasa leo napita stage kununua kredo tu. KREDO. Huyu mtu akainuka kwenye kreti. Hakuniamkua. Hakuuliza watoto wako aje. Akanyoosha kile kidole, kile chenye kucha ndefu cha kuchokonolea sikio, akabonyeza mkono wa klachi mpaka ukalala kwenye usukani, akageukia watu, akasema:

"Mwalimu, hii ni klachi ama ni ndizi ya Kisii?"

Stage ikaanguka. Mama wa mahindi aliacha kupepea jiko. Kuna jamaa wa boda alicheka mpaka abiria wake akashuka akapanda nyingine. Na nikiondoka kwa hasira, nikitia gia ya kwanza, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu, wakacheka upya.

Sitaki ushauri. Sijauliza kama ilikuwa laini. Ndiyo, ilikuwa laini KIDOGO. Nauliza hivi: kwa nini kidole kidogo? Cha shahada kimekatwa? Gumba kimeenda likizo? Mtu anakaa vidole kumi na anachagua hicho!

KeboMilele: Hadithi yote hiyo na jibu ni kebo. Yangu ikikatika Kaptembwo nanunua nyingine na kuifunga kabla chai ipoe.

Omwami_wa_Mbale: Huyo namjua! Si ni yule mrefu wa kofia ya sufi?

Mwenye uzi: Ni mfupi. Hana kofia.

Omwami_wa_Mbale: Eeh, huyo huyo. Aliwahi kunifanyia hivyo hapa Mbale.

NyarDunga: Pole sana mwalimu. Lakini ndizi yenyewe inauzwa ngapi, ama ni shada lote?

SpanaNambaNane: Sili zikiwa mpya na mkono bado uko laini, hewa imebaki. Na najua ilipo: kwenye ile bolti ya banjo inayofunga bomba pale juu kwa usukani. Hewa hupanda, hapo ndipo mlima wenyewe. Utakamua kwa nipeli ya chini, ile ya kutolea hewa, mpaka Krismasi, haitoki. Funika kwa kitambaa, bonyeza mkono, legeza bolti kiasi cha robo, kaza KABLA hujaachilia. Au ubonyeze mkono uufunge na kipande cha tyubu ulale, viputo vipande vyenyewe kwa kikopo. Tone likianguka kwenye tangi, maji haraka, DOT 4 inabambua rangi.

Mwenye uzi: Nilisema SITAKI USHAURI. Wewe ungebonyezewa kwa kidole kidogo?

SpanaNambaNane: Kama ni ndizi, kidole kidogo kinatosha.

KeboMilele: 😂😂 Uzi umefungwa.

MamaMatairi_LangaLanga: Mwalimu una bahati umeguswa na kidole. Mimi nilimpa fundi pikipiki ya marehemu baba, breki ilikuwa imepungua mafuta. Akajaza OILI YA INJINI. Ati mafuta ni mafuta. Rabha zikavimba kama mandazi, gurudumu la mbele likajifunga katikati ya barabara, lori nyuma yangu linapiga honi ya msiba. Nikarudi kwake akaniambia mama ulikuwa unaendesha vibaya.

Omwami_wa_Mbale: Huyo pia namjua.

Kijana_wa_Kondele: Ndiyo shida ya jiji la juzi. Mmepewa jiji 2021 na fundi hajui kusalimia. Huku Kisumu fundi anakuamkua kwanza, anakuletea kiti, mnaongea mpira.

MamaMatairi_LangaLanga: Anakuletea kiti kwa sababu akitaja bei utaanguka.

Kijana_wa_Kondele: 😂 Sawa. Lakini angalau tuna ziwa la kunawa hasira.

KeboMilele: Na sisi tuna ziwa! Tena na flamingo.

NyarDunga: Flamingo analiwa? Ziwa letu lina samaki, lenu lina magadi. Ungeosha hiyo klachi humo ingekuwa nyeupe kama chumvi.

Mwenye uzi: Jameni turudi kwa kidole.

Jirani_Mkopaji_Hapana: Mimi nauliza nani yuko na spana yangu ya nane. Niliazima mtu wa Section 58 tangu Pasaka. Anasoma hapa. Ananiwekea alama ya kupenda kila nikiandika.

Kijana_wa_Kondele: Hata samaki siku hizi ni mashaka. Juzi nimenunua ngege hapa hapa Kisumu, nimefika nyumbani, macho ya samaki hayanijui. Naambiwa ametoka Uchina na barafu.

NyarDunga: Ulinunua wapi? Njoo Dunga asubuhi mashua zikiingia, uchague mwenyewe akiwa anarukaruka.

Mwenye uzi: Taarifa tu, sio kwamba nakubali. Nimefungulia ile bolti ya juu. Kimetoka kiputo kimoja, pwii, ukubwa wa punje ya mahindi. Mkono umekuwa chuma, nimebonyeza kwa vidole viwili na mshipa umesimama. Hii HAIBADILISHI kitu. Kesho napita stage, na akinyoosha kile kidole na kivunjike hapo hapo.

SpanaNambaNane: Karibu.

Omwami_wa_Mbale: NyarDunga, kutoka Mbale nikiamka saa kumi nitapata mashua ama nitakuta mifupa?

NyarDunga: Wahi kufika kumi na mbili. Na ubebe mfuko wako.