Sauti ya Bastianini inapitaje juu ya okestra bila maiki?

Mpenda Sauti, Likoni
Wandugu, nimenasa kwenye "Il balen del suo sorriso" wimbo wa Il trovatore, opera ya Verdi, anauimba Ettore Bastianini, rekodi ya 1962, okestra ikiongozwa na Tullio Serafin. Sisi tumezoea taarabu, maiki haikosi hata harusi ya uani. Waimbaji hawa jukwaani hawana maiki, okestra nzima iko mbele yao, na huyu wala hapigi kelele. Vipi? Na mbona kwenye simu sauti ile ile inakonda?

Mwalimu wa Kwaya, Tudor
Ndugu yangu, okestra haishindwi kwa nguvu. Uzito wake mkubwa uko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopungua. Mwimbaji aliyefunzwa hukusanya sauti karibu na 3,000, pale okestra ilipopoa na sikio la binadamu ni kali. Ule mng'ao wa chuma ndio huo. Hupatikana kongomeo likishuka likatulia na koo likapanuka, huku kijia kilicho juu tu ya nyuzi za sauti kikibaki chembamba.

Bastianini ana mng'ao huo na giza la chini pia, yaani ule uzito wa sauti. Alianza kama besi, sauti nzito kabisa ya kiume, akahamia baritoni, iliyo juu yake kidogo, miaka ya 50 mwanzoni. Kwa hiyo usingoje noti za juu. Sikiliza mstari wa kwanza tu: silabi zimeshikana, irabu haibadiliki rangi, hakuna mahali anaposukuma. Mimi humpendea hapo hasa. Verdi huwaweka baritoni juu muda mrefu, noti ya C ya kati (ile ya katikati ya piano) kwenda E na F, kisha anadai G. Aliyesukuma mapema hufika huko amekwisha.

Fundi Spika, Kongowea
Kwa simu: noti za baritoni huanzia mitetemo mia na kitu, za juu hazifiki 400 sana. Spika ndogo hazitoi zile za chini, unabaki na mng'ao mtupu. Vaa hedifoni za kufunika sikio, zima besi ya ziada maana hufunika maneno.

Mpenda Sauti, Likoni
Shukrani sana. Na vijana wa kwaya wakitaka lile giza?

Mwalimu wa Kwaya, Tudor
Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Hukandamiza shina la ulimi ili sauti iwe nzito. Mwimbaji kichwani mwake husikia sauti kubwa, ukumbini haifiki nyuma, na toni inashuka. Shika "ng'" ya ng'ombe kwenye A iliyo chini ya C ya kati, ifungue polepole iwe "a" bila kupoteza mvumo usoni, kisha teremka noti tano. Rudia ukipanda nusu toni kila mara. Ukikaribia E iliyo juu ya C ya kati, acha "a" ielekee "o" kidogo. Ukiiacha wazi kabisa inageuka ukelele. Dakika kumi zatosha. Koo likiwasha, pumzika siku hiyo.

Mkaazi wa Kizingo
Msimsahau baritoni Tito Gobbi, rekodi ya 1955 ya Rigoletto, opera nyingine ya Verdi, pamoja na soprano Maria Callas. Kwenye wimbo "Cortigiani" anaanza kwa ghadhabu, anaishia kuwasihi watu wa jumba la mtawala wamrudishie binti yake. Sauti haina unono wa Bastianini, lakini hakuna neno linalopotea.