Magazeti ya bapiga batri: tunalipa abonema ili tusome katalogi???

Bandugu wa batri (ngoma za bendi, zile za kupigwa na vijiti na miguu), bakubwa na badogo, minafungua huu uzi na hasira na sitaificha. Haya magazeti ya bapiga batri, yale ya Ulaya na Marekani yenye tunayalilia kila siku, bado kuna mutu anafungua moja akatoka na kitu cha kupeleka ku repetisyo (mazoezi)? Ju miye naona tunalipa tu ili batuoneshe bei.

Muanze na vile ilinifikia. Kuna gazeti moja ya kidijitali, jina naliacha, ilitangaza abonema (unalipa mara moja, unasoma) ya mwaka muzima pamoja na namba (matoleo) zote za zamani. Hapa Lubumbashi kupata karte ya banki yenye inapita ku intaneti ni kazi peke yake, basi nikaomba yaya (ndugu mukubwa) mumoja mwenye anatumika ku mugodi alipe na ya kwake, nikamurudishia kash mukononi. Pesa ilitoka palepale. Namba za zamani hazikufunguka. Naandika, najibiwa na mashine, naandika tena, mashine inanishukuru kwa kupenda muziki 😡 Na mwaka ulipoisha bakakata tena ku karte ya yaya bila kuuliza mutu, sasa muniambie nilimuangalia yaya na macho gani.

Haya, pesa iende. Yenye ilinikwaza zaidi ni ile nilikuta ndani ya hizo namba mupya zenye zilikubali kufunguka.

Unafungua, simbali (zile sahani za shaba za batri). Unageuza, simbali. Ukurasa wa tatu kuna mupiga batri mukubwa anaulizwa maswali, unasema aah sasa njo tunaanza, kumbe swali la kwanza ni unatumia simbali gani, la pili ngozi gani, la tatu bageti (vijiti) namba gani, 5A ao 5B, na yeye anajibu tu jina la kampuni yenye inamupa vitu bure, kisha ukurasa wa ng'ambo unakuta piblisite (tangazo) ya kampuni ile ile na picha yake yeye mwenyewe anacheka. Kisha jaribio la batri mupya. Batri ina nyota nne na nusu. Zote ziko na nyota nne na nusu!! Hamujajiuliza kwa nini hakuna batri mubaya duniani? Mwenye analipa ukurasa wa piblisite utamuandika kwamba kesi kleri yake (ngoma ndogo ya mulio mukali) inalia sawa debe? Simbali moja ya zaidi ya dola 300, bananiambia ina "giza ya joto", mi napiga kanisani na simbali yenye ilipasuka ukingo tukaikata na msumeno ili ufa usiendelee, giza ya joto nitaitia wapi.

Na zile batri za umeme. Kurasa sita juu ya batri ya umeme. Hapa kwetu umeme unaondoka katikati ya ibada, gita bas inakufa, sinti inakufa, mikro ya pasta inakufa, mwenye anabaki anabeba wimbo ni mupiga batri na shorali (kwaya). Halafu uniuzie batri ya kuchomeka ku ukuta.

Somo lenyewe, lenye lilituleta, unalikuta mwisho kabisa, ukurasa moja, mara nusu. Mistari mine ya noti na link ya video.

Sasa kuna bale batakuja kusema "lakini magazeti haikuwaka kitu tangu zamani, batri haisomwe". Hapo nakataa kabisa. Tony Allen, mutu wa Lagos, mwenye alitengeneza afrobiti pamoja na Fela, alijifunza kwa kusikiliza sahani za muziki za bapiga jazi na kwa kusoma magazeti. Alisoma artikle ya Max Roach, mupiga batri wa jazi wa Marekani, juu ya charli (simbali mbili zenye zinagongana ukikanyaga), vile mguu wa kushoto unafaa kuongea na yenyewe, kisha akaenda kukaa na ile kitu mpaka ikakuwa ya kwake. Angalia vizuri: karatasi ilitoka Marekani, ikafika Lagos, kijana mumoja akaisoma, na charli ya Afrika yote ikabadilika. Tony Allen alikufa Paris 2020 na mpaka leo bazungu njo banalipa kusoma vile yeye alipiga. Ule ukurasa wa Max Roach haukukuwa na nyota nne na nusu. Ulikuwa na somo.

Na Modern Drummer, gazeti ya Marekani, vilevile, mwanzo wake unajua ilianzishwa na nani? Ron Spagnardi, yeye mwenyewe mupiga batri, alianza kazi ndani ya nyumba yake kule New Jersey, namba ya kwanza ikatoka Januari 1977 na Buddy Rich, mupiga batri mukubwa wa jazi, ku ukurasa wa mbele. Mutu mwenye anapiga aliwaandikia bale banapiga. Mi niliona namba za miaka ya 80, ju kuna muzee mumoja pale Kenya (bale ba Nairobi batulie, Kenya ni komuni ya hapa Lubumbashi 😂) alikuwa anapiga ku orkestra zamani, akaacha karto nzima kwa batoto wake. Piblisite zilikuwamo, sisemi hapana. Lakini ndani ulikuta solo nzima imeandikwa noti kwa noti, groskesi (ngoma kubwa ya mguu) ku nafasi ya chini, kesi kleri ku nafasi ya tatu, charli kamusalaba juu ya mistari, na mutu anakuelezea mukono gani unatangulia na kwa nini, kwamba ukianza na kushoto hapa utafika ku simbali na mukono wa kulia uko huru. Kitu kama ile unakaa nayo wiki. Unatia kipande cha mupira wa pine ya gari juu ya kiti ili bajirani basikutukane, unahesabu moja-na-mbili-na, polepole, unakosa, unarudia. Haiombi mega za intaneti. Haiombi umeme, hata mushumaa unatosha.

Njo maana "angalia YouTube" hainitoshi, na najua ni jibu la kwanza litakuja hapa. Natumiaka YouTube. Lakini hesabu mega kwanza: video ya dakika ishirini, tano za kwanza anakusalimia, mbili anakuuzisha kozi yake, somo lenyewe unakuta anapiga mbio ili umushangae. Unarudisha nyuma, inazunguka, mega zinaisha. Na hata kama ziko, video inakuonesha mikono ya mutu mwingine, unaiga, ukiulizwa ile ilikuwa ku mupigo wa ngapi hujui. Karatasi inakulazimisha uhesabu wewe mwenyewe kabla hujasikia kitu. Batoto ba siku hizi hapa mujini banapiga fil (mapambo ya kujaza mupigo) za ajabu, nabasifu, lakini umwambie mumoja "rudi ku mezire ya pili" (kipimo cha pili cha wimbo) anakuangalia sawa umeongea kichina.

Hasira yangu ingine, na hii bamoja itabauma: kwetu. Fungua hayo magazeti ya miaka yote, utafute kavasha, ule mupigo wa batri wa Kongo. Tafuta seben, kile kipande cha wimbo cha kuchezesha batu. Kitu chenye kilichezesha Afrika nzima kuanzia Kinshasa mpaka Nairobi! Zaiko Langa Langa, orkestra ya Kinshasa, banaanza Desemba 1969, banatoa mapipe (vyombo vya kupuliza), banasukuma batri mbele, Meridjo Belobi, mupiga batri wao, anakaa ku kesi kleri na kavasha inatoka, banasema wazo lilitoka ku mulio wa treni, na bendi za Kenya (inchi sasa) bakaibeba miaka ya 70 mpaka ikakuwa sawa ni ya kwao. Awilo Longomba mwenye dunia inamujua kwa kuimba, alikuwa mupiga batri kwanza. Nani ameandika noti kwa noti vile charli inafunguka wakati atalaku (mwenye anaita maneno ya kuchezesha batu) anaita? Mi nimefungua namba nyingi na sijaona hata nusu ukurasa. Bakiandika "Africa" utakuta picha ya ngoma ya djembe na sentensi kwamba ritimu iko mu damu.

Mu damu!! Na sisi wenyewe tunaitika, tunafurahi. Damu haifundishe mutu kushika tempo saa mbili za seben bila kukimbia. Bale bazee balirepeta kila siku mpaka vidole vikaota ngozi ngumu. Tukisema mu damu tunabanyang'anya kazi yao, na tunamupa mwandishi wa gazeti sababu ya kutoandika kitu, ju kitu cha damu unakiandika aje ku noti?

Angalia tu ile kopo ya atalaku, kopo ya dawa ya wadudu yenye iliisha, unatia mbegu ndani, unafunga. Inakata juu ya orkestra nzima kuliko mashine yoyote ya dola mia. Gazeti gani iliipa nyota? 😂

Basi jibu langu kwa mwenye ananiuliza kama anunue: mupya, hapana. Za zamani, ndiyo, na ulipe bila kulia. Gazeti Rhythm ya Uingereza ilishafungwa, bamoja batasema ni intaneti iliiua. Intaneti ilisaidia, sikatai, lakini ukianza kuandikia mwenye kununua na kusahau mwenye kupiga, mwenye kununua ataenda ku duka moja kwa moja, bei anaiona kule bure. Na kama wewe ni munafunzi hauna hata faranga, tafuta orodha ya rudimenti 40 (mazoezi ya msingi ya mikono) ya Percussive Arts Society, chama cha bapiga ngoma, iko tangu 1984, bure, inaingia ku karatasi moja mbele na nyuma. Chapisha, bandika ku ukuta. Paradidle peke yake, moja ya hizo, kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, ukiigawa kati ya charli na kesi kleri ina kazi ya miezi.

EDIT: nimeona majibu. Wewe wa Bukavu mwenye anasema nina wivu wa bale bako na simbali za bei, ndiyo niko na wivu, leta moja uone. Lakini hujajibu kuhusu nyota.

EDIT 2: bale banaandika inboksi "niko na pdf zote dola kumi", muache. Nishalizwa mara moja inatosha.

Chenye natafuta: mutu yeyote hapa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi mwenye ako na namba za kabla ya 1995, za Kifaransa ao za Kingereza hazinitatize, sitaki kukunyang'anya, nataka fotokopi ya kurasa za masomo tu, fotokopi nalipa miye, nakuja mwenyewe kuchukua na narudisha siku ile ile. Na kama kuna mutu anajua kuandika noti vizuri na alipiga seben kweli, aniandikie tuanze kutranskribe kavasha sisi wenyewe, mezire kwa mezire, tuitie hapa ku huu uzi bure. Mwenye ataanza kuniambia habari za damu namubloke.