Utafiti wa mama vijana Isan, Thailand: nikosoeni kabla ya kwenda kamati ya maadili

KalamuNaDodoso
Wakuu, heshima kwenu. Andiko linahusu afya na ustawi wa mama walio chini ya miaka 20 katika wilaya moja ya Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, yenye watu kama 100,000. Sampuli ni mama 435 waliojifungua miezi 12 iliyopita (sonona nimekadiria 20%, kosa 5%, nikazidisha kwa 1.5 kwa kuwa vijiji vinachaguliwa kwa makundi, na nyongeza ya wasiojibu 15%). Wajitolea wa afya wa vijiji watawatafuta na kuwahoji majumbani. Vipimo ni WHOQOL-BREF ya Kithai (dodoso la WHO la ubora wa maisha), 9Q (maswali tisa ya sonona), na wingi wa damu (hemoglobini, Hb) kwa tone la kidoleni. Kinachovuja ni kipi?

Sampuli_Mezani
Hesabu iko sawa mkuu, ila hao mama 435 hawapo. Wilaya ya watu 100,000 ina wasichana wa miaka 15–19 kama 3,000. Mwaka 2012 uzazi wa rika hilo Thailand ulikuwa takriban 53 kwa kila wasichana 1,000. Tangu hapo umeporomoka, na lengo la taifa la 25 ifikapo 2026 lilifikiwa mapema. Weka 20 kwa 1,000: unapata vizazi 60 kwa mwaka. Sampuli yako inataka zaidi ya wilaya saba.

Usikimbilie kurefusha muda hadi miaka miwili. 9Q inauliza wiki mbili zilizopita. Mama mwenye kichanga cha miezi miwili na mwenye mtoto anayekimbia uwanjani huwezi kuwatia kapu moja. Panua eneo, au chukua wote 60 bila sampuli, punguza majedwali na ongeza mahojiano ya kina. Na kundi likiwa chini ya watu watano (walio chini ya miaka 15, kwa mfano), usiliwekee safu yake kwenye jedwali. Katani kila mtu atajua ni binti wa nani.

MkungaWaZamu
Mimi tatizo naliona kwa wahojaji. Wajitolea hao, Wathai huwaita kwa kifupi o-so-mo, ni zaidi ya milioni moja nchi nzima, na kila mmoja ana kaya zake chache anazozitembelea. Uzuri wao ndio ubaya wao: ni majirani. Binti wa miaka 16 hawezi kumwambia rafiki wa mama mkwe wake kwamba analia usiku. Kuna pia kile Wathai wanachokiita kreng jai, ile haya ya kutotaka kumsumbua au kumkwaza mwenzio. Mbele ya mtu mzima jibu litakuwa "hakuna shida" toka swali la kwanza hadi la mwisho. Kisha utaandika kwamba sonona ni ndogo.

Fanyeni hivi. Orodha itoke kwenye rejista za vizazi na za kliniki. Waalikeni mama WOTE wenye watoto chini ya mwaka mmoja, siku ya chanjo (miezi 2, 4, 6, 9). Wote wapitie dodoso fupi, wenye chini ya miaka 20 waendelee na refu, chumba hicho hicho, mhojaji asiyetoka kata hiyo. Anayetazama benchi hatajua nani ni nani. O-so-mo wabaki na kazi ya kupeleka mwaliko, na juu ya mwaliko kusiandikwe "mama vijana".

Mtego mwingine: siku ya chanjo mara nyingi mtoto anakuja na bibi. Mama amerudi kazini Bangkok au viwandani. Ukimhoji aliyepo tu, umewaacha walioondoka, na hao ustawi wao una sura nyingine kabisa. Wapigie kwa LINE (programu ya simu kama WhatsApp), lakini uliza kwanza kama simu ni yake peke yake na kama yuko mahali anaweza kusema. Dodoso limeandikwa Kithai sanifu ilhali nyumbani wanazungumza Kiisan, ndugu yake Kilao, kwa hiyo lijaribuni kwa sauti kabla ya kulichapa.

Kuhusu damu: Isan usiseme "upungufu wa madini ya chuma" kwa kutazama Hb peke yake. Hemoglobini E, aina ya hemoglobini ya kurithi, imejaa ukanda huo, na mwenye kuirithi anaweza kuwa chini ya 12 g/dl chuma kikiwa tele. Tazama kwenye kitabu cha pinki cha mama na mtoto kama majibu ya MCV (ukubwa wa chembe nyekundu za damu) na DCIP (kipimo cha hemoglobini E) yameandikwa. Bajeti ikiruhusu, pima feritini (akiba ya chuma) pamoja na CRP (kipimo cha uvimbe mwilini), kwa sababu uvimbe au maambukizi hupandisha feritini na kuficha upungufu. Ulizeni pia vidonge vya chuma, iodini na foliki wanavyopewa hadi miezi sita baada ya kujifungua: *wiki iliyopita ulimeza vingapi?* "Unameza?" kila mtu atajibu ndiyo. Na yu fai, ile desturi ya mzazi kulala kando ya moto baada ya kujifungua, msiuulize kwa ndiyo/hapana. Siku ngapi, na vyakula gani vilikatazwa.

Ridhaa_Kwanza
Kamati itakubana kwenye saini ya ridhaa. Kwa sheria ya kiraia ya Thailand mtu ni mtoto hadi miaka 20, kwa hiyo kwa kawaida mzazi anasaini pamoja naye. Lakini sheria ya 2016 ya kuzuia na kutatua mimba za vijana inampa aliye kati ya miaka 10 na 20 haki ya kuamua mwenyewe, ya usiri na ya faragha. Ijenge hoja yako hapo ukiomba msamaha wa saini ya mzazi, hasa pale mzazi ndiye anayemfanya binti afiche. Kujamiiana na aliye chini ya miaka 15 ni jinai, kwa hiyo fomu ieleze mipaka ya usiri KABLA ya swali la kwanza.

9Q ikifika alama 7, fanya 8Q (maswali manane ya hatari ya kujiua) palepale, na rufaa siku hiyo hiyo. Kadi ya namba 1323 (afya ya akili) na 1663 (ushauri wa mimba) wapewe mama wote, si waliofikisha alama tu.

WHOQOL-BREF ina maswali 26, jumla 26–130, na ilitengenezwa kwa watu wazima. Eneo la mahusiano (moja ya mafungu ya maswali yake) lina maswali matatu tu, moja la tendo la ndoa, ambalo hawa wataliruka. Pengo moja linavumilika. Mawili, alama ya eneo hilo haihesabiwi. Ripoti kila eneo peke yake. Ustawi wa pale kijijini uuulize waziwazi: nani analala na mtoto, shule ilimpokea tena au ilimshauri "apumzike", ile ruzuku ya mtoto ya baht 600 kwa mwezi inaingia akaunti ya nani.

KalamuNaDodoso
Nimebadilisha: wilaya mbili, mama wote, wahojaji wa nje. Dada MkungaWaZamu, hao wa dodoso fupi wenye zaidi ya miaka 20, niwaulize 9Q pia?

MkungaWaZamu
Anza na 2Q (maswali mawili ya awali ya sonona) kwa wote. Akijibu ndiyo hata moja, mpe 9Q. Utapata na kundi la kulinganisha bila gharama ya ziada.