Mgonjwa wa Wilson anahitaji ini: mama atoe au kaka?

Nesi_Wete
Asalaam alaykum wanajukwaa. Kijana wa miaka 19, kilo 55, amethibitika ana Wilson, ugonjwa wa kurithi unaolimbikiza shaba mwilini: seruloplazmini (protini inayobeba shaba kwenye damu) iko chini, 0.06 g/L, shaba kwenye mkojo wa saa 24 maikrogramu 380, na pete ya kahawia imeonekana machoni. Yuko mwezi wa tatu wa penisilamini, dawa ya kutoa shaba mwilini, lakini tumbo linazidi kujaa maji na INR (kipimo cha damu kuganda, kikipanda ini linashindwa kazi) imepanda kutoka 1.7 hadi 2.1. Familia inaelekezwa India kupandikizwa ini. Wazazi ni watoto wa ami. Mama yuko tayari kutoa, na kaka wa miaka 24 naye. Nani anafaa? Na akishapata ini jipya, dawa ya kutoa shaba iendelee?

Tabibu_wa_Ini
Waalaykumu salaam. Tuanze na kaka, hapo ndipo wengi huteleza. Wazazi wote wawili wana nakala moja mbovu ya jeni ATP7B, kwa hiyo kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuumwa. Kaka anaweza kuwa mgonjwa asiyejijua, mzima wa kutembea na kufanya kazi. Apimwe seruloplazmini, shaba ya mkojo wa saa 24 na macho, kisha jeni, kwa sababu mbebaji (mwenye nakala moja tu mbovu, asiyeumwa) naye anaweza kuwa na seruloplazmini ya chini kidogo na majibu yakababaisha. Akikutwa mgonjwa, aanze dawa hata kama hana dalili yoyote. Na wadogo zao wapimwe pia, msisubiri safari.

Mama kuwa mbebaji si kizuizi. Ini lenye nakala moja nzima hutoa shaba kwenye nyongo vya kutosha, na wazazi wengi wameshawatolea watoto wao. Kinachomzuia mama ni mambo mengine: kundi la damu lisilolingana, homa ya ini B, mafuta mengi kwenye ini, au ini dogo. Kipande cha ini atakachotoa kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa, yaani gramu 440 kwa kilo 55, na mama abakiwe na asilimia 30 hadi 35 ya ini lake. Picha ya CT ndiyo inayopima.

Mfamasia_Darajani
Swali la dawa. Kabla ya upasuaji asiache penisilamini kwa kuona haimsaidii. Anayekatisha ghafla anaweza kuporomoka: macho manjano, mkojo mweusi kwa damu kuvunjika, ini kufa kwa siku chache. Ameze saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake, na vitamini B6 kila siku. Kama ameandikiwa na zinki, visimezwe pamoja, maana dawa hiyo huikamata zinki na zote mbili zinapotea. Kabla ya kisu madaktari hupunguza dozi, kwani huchelewesha kidonda kupona.

Ini huchukua miezi 2 hadi 6 kuitikia dawa, lakini INR inayopanda si ya kusubiriwa.

Baada ya ini jipya, dawa za kutoa shaba huachwa, kwani kasoro ilikuwa ndani ya ini lenyewe. Badala yake kuna takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, kila saa 12, maisha yote. Damu ya kupima kiwango hutolewa asubuhi KABLA ya dozi. Balungi hapana. Flukonazo (dawa ya fangasi) na klarithromaisini (antibayotiki) hupandisha kiwango, rifampisini (dawa ya kifua kikuu) hukishusha hadi mwili ukalikataa ini. Ramadhani asijipangie mwenyewe dozi za daku na futari.

Nesi_Wete
Ahsanteni. Mikono inamtetemeka. Ini jipya litaondoa? Na kula pweza je?

Tabibu_wa_Ini
Kwanza jueni inatokana na nini. Ikiwa anachanganyikiwa na kulala mchana, huenda ni sumu zinazopita ini bovu kwenda kwenye ubongo, na laktulozi (dawa ya maji ya kulainisha choo, husaidia kutoa sumu hizo) humpa nafuu. Ikiwa ni shaba ndani ya ubongo, hupungua polepole kwa miezi mingi, na pengine isiishe. Vituo vingi havipandikizi ini kwa ajili ya dalili za ubongo na mishipa ya fahamu peke yake. Mkumbuke pia takrolimasi yenyewe hutetemesha mikono, familia isije ikadhani Wilson imerudi.

Pweza, ngisi, chaza, kaa, maini na korosho aache sasa. Damu ya pweza yenyewe hubeba shaba. Lakini chakula peke yake hakitibu. Akishapona baada ya kupata ini jipya, pweza aliyeiva vizuri hana tatizo, chaza mbichi hapana.

Mfamasia_Darajani
Mawili ya haraka. Chanjo zenye virusi hai, kama surua na homa ya manjano, huwa hazitolewi baada ya kupandikizwa. Ulizeni sasa hivi kama anaweza kupewa. Na sheria ya India hukagua udugu wa mtoaji: tayarisheni vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazazi na barua ya ubalozi. Jina la babu likiandikwa tofauti kwenye cheti na pasipoti, lisahihishwe hapa nyumbani kabla ya kukata tiketi.