Naomba ushauri: sanamu ya Amida, dhahabu inabanduka

Wadau wa sanaa ya Japani, naombeni ushauri. Ni sanamu ya mbao ya Buddha Amida, kimo sentimita 46, kazi ya kipindi cha Edo (1603–1868). Imeungwa vipande vipande kwa mtindo wa yosegi, ule ule alioutumia mchongaji Jōchō kwa Amida wa hekalu la Byōdōin kule Uji, mwaka 1053. Ndani ni tupu, na macho ya fuwele yamepachikwa kutokea ndani.

Kiungo kinachopita nyuma ya masikio kimeachia kama milimita 2. Pembeni mwake dhahabu imejikunja na kuinuka pamoja na urushi (laka ya utomvu wa mti) mweusi ulio chini yake. Chumba kina kiyoyozi, unyevu wa hewa hushuka hadi asilimia 35. Mbao inasinyaa, urushi haufuati.

Kinachonitatiza ni gundi. Palipomeguka unaonekana weupe, yaani gofun, unga wa magamba ya chaza uliokorogwa na nikawa (gundi ya wanyama). Nikawa ya asilimia 3 hadi 5, ikipakwa ya vuguvugu, inashika na baadaye inatoka, lakini maji yake yatalainisha huo weupe. Urushi unashika zaidi, ila ukishakauka hautoki, na ili ukauke unataka unyevu wa asilimia 70 au zaidi. Gundi nyeupe ya seremala sitaki hata kuisikia.

Je, nitangulize alkoholi kidogo ili nikawa ipenye haraka? Na ule ufa, niuache kwanza hadi unyevu utulie kwenye asilimia 55, au nijaze vibanzi vya mbao ya hinoki (msipresi wa Japani) sasa hivi?