Ringi 26 au 28 kwa safari ya Bukoba?

Msafiri_Nyegezi: Wakuu, Desemba naenda Bukoba kwa baiskeli: daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba. Ni zaidi ya kilomita 400, na mzigo wa kilo 20 kwenye keria. Nibaki na ringi 26 au nijenge ringi kubwa, ile ya 700?

Fundi_Buzuruga: Baki na 26. Ringi ndogo, spoki fupi, haipindi ovyo na mzigo. Tairi ya 700 ikichanika njiani utaisubiri ije na basi. Na zile 28 za Phoenix tuwaachie wabeba mkaa.

Mwalimu_Mstaafu: 700 si ndiyo 28 yenyewe? Tairi za Phoenix ziko kila kijiji.

Ng'wana_Magu: Wabeba mkaa? Baba yangu amenisomesha na Phoenix ya 28, magunia mawili nyuma, alfajiri hadi mjini. Wewe fundi umesomeshwa na nini?

Fundi_Buzuruga: Sijamtukana mzazi wako, kaka. Nimeongelea ringi.

Ng'wana_Magu: Umesema "tuwaachie". Nani kawapa muwaachie?

Bukoba_Kwetu: Msukuma mguse ng'ombe wake atakusamehe, baiskeli thubutu!

Ng'wana_Magu: Nyie mnaosukuma baiskeli kila mlima mnyamaze.

Dada_Kirumba: Mimi hata hiyo 26 imeniliza. Nina mtumba wa Japani, ringi imeandikwa 26, nikanunua tairi ya 26. Tumeivuta na vijiko viwili, mimi na mdogo wangu, kucha ikang'oka, tairi haiingii kabisa. Kumbe yangu ni 590, niliyouziwa ni 559. Namba ndogo ubavuni mwa tairi, kipenyo cha ringi kwa milimita, ndiyo yenye ukweli. Muuzaji kagoma kubadilisha.

Fundi_Buzuruga: Asante dada. Na mwalimu, shikamoo, lakini 700 ni 622 na Phoenix ni 635. Milimita 13 hizo, tairi haishiki.

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba. Yule Mjerumani Heinz Stücke aliondoka kwao 1962 na baiskeli ya gia tatu, akazunguka dunia miaka 50. Namba hizo alimuuliza nani?

Msafiri_Nyegezi: Mwalimu, yeye alikuwa na miaka 50, mimi nina likizo ya wiki mbili.

Dada_Kirumba: Na tairi yangu mpya nani anaitaka? 559, haijagusa lami.

Ng'wana_Magu: Phoenix ya mzee ipo hadi leo. Spoki 40 nyuma. Fundi aje Magu aipakie gunia, apande nayo, halafu arudie lile neno.

Fundi_Buzuruga: Jumapili nakuja. Ringi ya nyuma haiyumbi?

Ng'wana_Magu: Inayumba kidogo.

Fundi_Buzuruga: Spoki ngapi zimekatika?

Ng'wana_Magu: Tatu. Nne.

Fundi_Buzuruga: Nabeba sita. Mwambie mzee asiipande kabla sijafika.