Mjadala: Je, Kila Utoaji Mimba Ni Mauaji?

Nafungua mjadala huu nikiwa na hoja moja mahususi ninayotaka tuipime. Hoja hiyo huelezwa hivi: kiumbe kilicho tumboni ni mtu kamili tangu yai linaporutubishwa, kumuua mtu asiye na hatia ni kosa daima, kwa hiyo kila utoaji mimba, kwa sababu yoyote na katika wiki yoyote, ni mauaji. Wanaoitoa huiona haina mwanya, na wengi wanaoipinga hujibu tu kwamba mwili ni wa mwanamke, kana kwamba neno hilo limekwisha kufunga kesi. Naamini kwamba hoja ya kwanza inadai zaidi ya yale wanayoyaamini hata watetezi wake, na kwamba jibu la pili linaliacha swali lenyewe bila kuguswa. Msimamo wangu ni kwamba mimba ina thamani tangu mwanzo, kwamba thamani hiyo hukua kadiri mimba inavyokua, na kwamba kuitoa ni jambo zito siku zote, lakini si mauaji siku zote.

Naanza na yale yasiyofaa kubishaniwa. Yai lililorutubishwa lina uhai, na uhai huo ni wa binadamu. Tena si kiungo cha mama kama figo au kidole chake, kwa kuwa lina vinasaba vyake lenyewe. Anayesema kwamba mimba changa ni "damu tu" hasemi kweli, na inanisikitisha kwamba maneno hayo huambiwa wasichana waliojaa hofu ili wasiulize zaidi. Hata hivyo, kati ya kusema kwamba kitu kina uhai wa binadamu na kusema kwamba ni mtu mwenye haki sawa na yangu na yako kuna hatua kubwa, na hatua hiyo haionekani kwa darubini. Kwa takriban siku 14 za mwanzo, kiinitete kimoja, yaani mimba changa kabisa, kinaweza kugawanyika kikawa pacha wa kufanana. Ikiwa mtu alikuwapo tangu siku ya kwanza, ni yupi kati ya hao wawili, na mwenzake alianza kuwapo lini? Aidha, sehemu kubwa ya mayai yaliyorutubishwa haijishikizi katika mfuko wa uzazi, bali hutoka bila mwanamke kujua kwamba alikuwa na mimba. Kama kila moja lilikuwa mtoto kamili, basi hicho ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya vifo vya watoto, lakini sijamsikia hata mpinzani mkali wa utoaji mimba akidai utafiti wa dharura wa kuwaokoa.

Najua jibu linalotolewa hapo: kifo cha asili hakihalalishi kuua, kama vile tetemeko la ardhi lisivyompa mtu ruhusa ya kubomoa nyumba yenye watu ndani. Jibu hilo ni sahihi, ila halijibu ninachosema. Sidai kwamba maumbile yanaturuhusu. Nadai kwamba namna tunavyoupokea msiba hudhihirisha tunaamini ni nani aliyefariki.

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Mimba ikitoka mwezi wa pili tunasema imeharibika. Hatusemi kwamba mtoto amefariki. Ikitokea mwezi wa nane tunasema mtoto amefia tumboni, na hakuna anayehitaji kufundishwa tofauti hiyo. Kati ya nyakati hizo mbili, mara nyingi baada ya wiki ya 18 kwa mwenye mimba ya kwanza, mama huanza kusikia mtoto akicheza, na kuanzia hapo neno "mimba" hurudi nyuma taratibu na neno "mtoto" likashika nafasi yake. Hakuna siku moja ambapo mpaka unavukwa. Yupo, bila shaka, mwanamke aliyesubiri miaka mingi na ambaye humwita mtoto tangu siku ya kipimo. Huzuni yake mimba inapoharibika wiki ya saba ni huzuni ya kweli, na msimamo wowote unaomwambia kwamba hakupoteza kitu ni msimamo katili. Mimi nasema alipoteza kitu chenye thamani kubwa. Sisemi kwamba alipoteza kile kile anachopoteza mama anayemzika mtoto wa miaka mitatu, na sidhani kama yeye mwenyewe angesema hivyo.

Jaribio gumu zaidi la hoja ya "mtu kamili tangu siku ya kwanza" lilitokea Marekani, katika jimbo la Alabama. Mwezi Februari 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba viinitete vilivyotungwa nje ya mwili na kugandishwa katika kliniki ya uzazi ni watoto mbele ya sheria inayohusu vifo vya watoto vinavyosababishwa na makosa ya wengine. Uamuzi huo ulikuwa tunda halali la hoja yenyewe. Kliniki kadhaa zilisimamisha huduma kwa hofu ya kushtakiwa, na mwanzoni mwa Machi, chini ya wiki tatu baadaye, bunge la jimbo hilo hilo, ambalo lilikwisha kupiga marufuku utoaji mimba karibu kabisa, lilipitisha sheria ya kuzikinga kliniki dhidi ya mashtaka hayo. Siwatuhumu wabunge hao kwa unafiki. Nadhani walipoonyeshwa tungi la barafu lenye viinitete, dhamiri zao ziliwaambia kwamba lile si chumba cha watoto wachanga, nami naamini dhamiri zao zilisema kweli.

Wapo watakaosema kwamba dini zimekwisha kulimaliza suala hili. Ukweli ni kwamba wanazuoni wenyewe hawakulizungumza kwa sauti moja. Katika fikihi ya Kiislamu, hadithi inayojulikana sana kuhusu hatua za uumbaji tumboni imewafanya wengi kuiweka siku ya 120 kuwa ndiyo ya kupulizwa roho. Baada ya hapo utoaji mimba ni haramu isipokuwa kuokoa maisha ya mama, lakini kabla ya hapo madhehebu yanatofautiana, kuanzia baadhi ya Wahanafi walioruhusu kwa udhuru hadi Wamaliki ambao kauli yao yenye nguvu inakataza mapema zaidi. Tena fidia ya aliyesababisha mimba itoke, iitwayo ghurra, ilikadiriwa kuwa sehemu moja ya ishirini ya diya kamili, yaani fidia ya aliyemuua mtu: si bure, wala si sawa na mtu mzima. Kwa upande wa Ukristo, mwanateolojia Thomas Akwino aliifuata rai ya mwanafalsafa Aristotle kwamba roho ya kibinadamu huja baada ya mwili kuumbika kiasi, ingawa hakuihalalisha kamwe kutoa mimba kabla ya hapo. Ilikuwa mwaka 1869 ambapo Papa Pius IX aliondoa tofauti ya mimba iliyoumbika na isiyoumbika katika adhabu ya kutengwa na Kanisa. Siyataji haya ili nimfundishe mtu dini yake. Nayataja kwa sababu wazo kwamba kitu kinaweza kuwa kitakatifu bila kuwa bado mtu kamili si uzushi wa juzi.

Sasa niwageukie wanaosema kwamba mwili ni wa mwanamke na mjadala umekwisha. Aliyeipa hoja hiyo nguvu zaidi ni mwanafalsafa wa Marekani Judith Jarvis Thomson, mwaka 1971. Alituomba tufikirie mtu anayeamka na kukuta ameunganishwa, bila ridhaa yake, na mpiga fidla mashuhuri anayehitaji figo zake kwa miezi tisa ili aishi. Mpiga fidla ni mtu kamili, lakini haki yake ya kuishi haimpi haki ya kuutumia mwili wa mwingine. Kwa aliyebakwa, sioni jibu la kuipinga hoja hiyo. Kwa wengine inapungua nguvu, kwa sababu mpiga fidla ni mgeni ilhali aliye tumboni si mgeni. Amefika pale kutokana na tendo la watu wawili, na katika mahusiano mengine yote tunakubali kwamba mzazi anadaiwa mambo ambayo mpita njia hadaiwi. Inapungua pia kadiri wiki zinavyosonga. Karibu na wiki ya 24 mtoto anaweza kuishi nje ya tumbo akisaidiwa, na hapo haki ya mama ya kuacha kuubeba ujauzito haiwi tena lazima haki ya kutaka mtoto afe. Watetezi wa uhuru wa mwanamke ambao hawataki kabisa kulisema hili wanaipoteza imani ya watu wengi wa katikati.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa si kila kosa la kimaadili linafaa kuwa jinai. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 chini ya Nicolae Ceaușescu. Uzazi ulipanda ghafla mwaka uliofuata, kisha ukashuka tena wanawake walipopata njia za siri, na vifo vya wajawazito vikawa vya juu kuliko kwingine kote Ulaya hadi marufuku hiyo ilipoondolewa Desemba 1989. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mimba zipatazo milioni 73 hutolewa kila mwaka duniani, na karibu asilimia 45 kwa njia zisizo salama. Ireland iliandika katika katiba mwaka 1983 kwamba haki ya kuishi ya aliye tumboni ni sawa na ya mama. Mwaka 2012 Savita Halappanavar, mwenye mimba ya wiki 17 iliyokuwa tayari inaharibika, aliomba itolewe. Alikataliwa kwa kuwa moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga, naye akafa kwa maambukizi ya damu. Mtoto asingeweza kuishi kwa namna yoyote. Mwaka 2018 wananchi walikifuta kifungu hicho kwa asilimia 66 ya kura, na siamini kwamba wote waliopiga kura hiyo waliacha kuona uzito wa mimba.

Liko jambo moja ambalo msimamo wangu unalimudu kwa shida, nami nalileta hapa ili lijadiliwe badala ya kulificha. Ikiwa thamani ya mimba hukua, basi kadiri inavyokua ndivyo sababu ya kuitoa inavyopaswa kuwa nzito. Wiki ya 20 au 21 ndipo vipimo vingi vya maumbile ya kijusi hukamilika. Mzazi anayeambiwa kwamba fuvu na ubongo wa mtoto havikuumbika, na kwamba hataishi zaidi ya saa au siku chache, ana sababu ninayoiona inatosha. Lakini mzazi anayeambiwa kwamba mtoto ana ugonjwa wa Down, ambao wengi wanaishi nao hadi utu uzima, wakipenda na kupendwa, ana sababu ambayo siwezi kuikubali, na wakati huohuo sitaki askari au hakimu amlazimishe kuzaa. Watu wenye ugonjwa huo wanasoma mijadala kama hii na wanaelewa ni nani anayezungumziwa. Kwa hiyo nawauliza wanaosimamia uhuru kamili wa mwanamke: mnawaambia nini watu hao? Na wale wanaoshikilia kwamba kila utoaji mimba ni mauaji, nawaomba wanieleze wangefanya nini na viinitete vya Alabama.